Katamarani ya kwanza ya familia Tanga: ngalawa, Hobie 16, ya plastiki au ya plaiwudi?

Familia inayotafuta chombo cha tanga cha kutembelea mwisho wa wiki hapa Tanga kwa kawaida huishia kupima vitu vinne. Ngalawa, inayojulikana na kila mtu. Hobie 16, ile katamarani (chombo cha miili miwili iliyounganishwa) ya matanga ya rangi rangi inayovutia pichani. Katamarani za plastiki nzito, kama Hobie Wave na Hobie Getaway. Na katamarani ya plaiwudi, inayoundwa na fundi kwa michoro ya mbunifu wa vyombo James Wharram.

Ukiuliza watu, wengi wataanza na kasi. Mimi naomba kasi ikae pembeni kwanza. Kwa chombo cha baba, mama na watoto, maswali makubwa ni mawili. Kikipinduka, je, ninyi mliomo mtaweza kukiinua bila msaada? Na maji yakipwa, mtaweza kukivuta hadi pakavu bila kutafuta vijana sita wa kusukuma? Chombo kikifaulu hapo, mtakitumia kila wiki. Kikishindwa, kitakauka uani hata kiwe kizuri namna gani.

Ngalawa: mwalimu mzuri

Ngalawa ina mwili mmoja tu, lakini nimeiweka humu kwa sababu matengo yake mawili (mbao zinazoelea pembeni) hufanya kazi ileile ya mwili wa pili: hukipanua chombo ili kisilale ubavu. Maarifa hayo yaliletwa pwani yetu na wasafiri wa Kiaustronesia waliovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, na ndugu zao wengine walikwenda upande wa pili hadi Polinesia, ambako waliunganisha mitumbwi miwili kwa boriti na kamba. Ngalawa ya Sahare na katamarani ya kiwandani zimetoka ukoo mmoja.

Faida yake haina mpinzani: kila kitu chake kinapatikana hapa hapa. Gogo la mwembe, mirengu (miti inayoshika matengo), foromali (mti unaofungiwa tanga), kamba, tanga la merikani au la turubai. Mrengu ukivunjika asubuhi, jioni umeshafungwa mwingine. Fundi yupo, na mtu wa kukufundisha yupo.

Tatizo ni watoto. Mwili wa ngalawa ni mwembamba, mnakaa mmoja nyuma ya mwingine, na maji yanaingia tangu mnapoondoka. Kugeuza tanga kuna kazi yake. Foromali lazima lizungushwe mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, na wakati huo anayeshika demani (kamba ya kuongozea tanga) na anayeshika usukani wawe wanaelewana bila kupiga kelele. Mtoto wa miaka sita hana pa kukaa wakati mti huo unapita. Na ngalawa ikijaa maji katikati ya ghuba, itaelea lakini haitasogea: mtatua tanga, mtaisukasuka mbele na nyuma ili maji yamwagike, kisha mtakumba kwa upo. Wavuvi wanaijua kazi hiyo tangu utotoni. Familia ya mjini haiijui.

Ushauri wangu juu ya ngalawa uko wazi. Usiinunue kuwa chombo cha familia, ila ikodi pamoja na nahodha wake kabla ya kununua chombo kingine chochote. Kaa naye asubuhi kadhaa. Atakuonyesha mwamba ulipo bamvua (maji makubwa) likikauka, umande (upepo wa nchi kavu wa alfajiri) unapoachia na upepo wa baharini unapoanza kuingia, na jinsi maji ya mkondoni yanavyobadilika rangi. Hakuna kitabu cha mtengenezaji kitakachokupa hayo, na utayahitaji hata kama utanunua katamarani mpya kutoka nje.

Hobie 16: wawili wenye nguvu

Hobie Alter alikuwa mtengenezaji wa mbao za kutelezea mawimbi huko California. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuunda katamarani ndogo za kuondokea ufukweni moja kwa moja, bila gati. Hobie 16 ndiyo iliyoenea dunia nzima. Miili yake miwili imejipinda kama ndizi na haina ubao wa kushusha chini ya maji: ubavu wa nje umenyooka, wa ndani umebinuka, na tofauti hiyo ndiyo inayozuia chombo kisisukumwe kwenda upande wa demani, yaani upepo unakoelekea. Usukani hujiinua ukigusa chini. Kwa mwambao wetu wenye miamba na mafungu ya mchanga, hilo ni jambo kubwa.

Hebu tazama namba zake kando ya ndugu zake wawili wa plastiki:

| | Hobie 16 | Hobie Getaway | Hobie Wave |
|---|---|---|---|
| Urefu | mita 5.05 | mita 5.04 | mita 3.96 |
| Upana | mita 2.41 | mita 2.34 | mita 2.13 |
| Uzito mtupu | kilo 145 | kilo 177 | kilo 111 |
| Eneo la tanga | mita za mraba 20.3 | mita za mraba 16.7 | mita za mraba 8.8 |
| Mwili | fiba | plastiki nzito | plastiki nzito |
| Matanga | mawili | mawili | moja |
| Watu kwa starehe | 2 | 4 hadi 5 | 2 hadi 3 |

Mstari wa tatu na wa nne ndio unaosema kila kitu. Hobie 16 ni nyepesi kuliko Getaway kwa kilo 32, na bado inabeba tanga kubwa zaidi. Ndiyo maana inaruka. Ndiyo maana pia, upepo ukishika kasi, omo (ncha ya mbele) la upande wa demani huzama ghafla, chombo husimama kama kimegonga ukuta, na kila aliyekaa juu hutupwa mbele. Tabia hiyo inajulikana kwa kila anayeendesha Hobie 16. Dawa yake ni kusogea nyuma kabisa na kuachia tanga mapema. Vijana wawili wanaofanya mazoezi watalifanya hilo bila kufikiri. Baba anayemshika mtoto kwa mkono mmoja hataweza.

Kuna na mti wa chini ya tanga kuu. Katika Hobie 16 unapita chini sana, kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa, na katika kugeuza hupita kwa nguvu. Mtu mzima hujifunza kuinama. Mtoto husahau.

Kwa hiyo nasema hivi: kama familia yenu ni wazazi na vijana wa sekondari wanaojua kuogelea, na mnataka michezo, Hobie 16 iliyotumika ni ununuzi mzuri, na kati ya vyombo vya kiwandani ndiyo yenye nafasi kubwa ya kupatikana Dar, Mombasa au Kilifi. Kama mdogo wenu bado yuko chekechea, iacheni kwanza.

Za plastiki: Getaway na Wave

Wave ilitoka mwaka 1994, Getaway ikafuata baadaye. Zote mbili zinaumbwa kwa plastiki ya kuzungushwa ndani ya kalibu yenye moto, njia ileile inayotengeneza yale matangi ya maji yaliyoko juu ya nyumba zetu. Fikiria Simtank iliyoangushwa kutoka kwenye lori: inabonyea, inakwaruzika, inaendelea kushika maji. Miili ya katamarani hizi inavumilia namna hiyohiyo. Unaweza kuiburuta juu ya changarawe ya Ras Kazone, ukaikwangua kwenye chaza, na wiki ijayo ukatoka nayo.

Kitu cha pili kinachozifanya ziwe za familia ni kwamba hazina ule mti wa chini ya tanga. Vichwa vya watoto viko salama zaidi. Getaway ina wavu wa kukalia mbele ya mlingoti pia, na hapo ndipo watoto hupapenda, ingawa mimi ningewaruhusu kukaa huko siku za upepo mwepesi tu, ndani ya ghuba. Tanga lake la mbele hujiviringisha kwa kuvuta kamba moja. Upepo ukizidi, mama anavuta, tanga linapungua, presha inashuka. Katika Hobie 16 nyingi huna urahisi huo, na matanga kuu yake mengi hayana hata mahali pa kupunguzia.

Wave ni ndogo na rahisi mno: tanga moja, kamba moja ya kuendeshea, usukani. Mtu mmoja anaiandaa peke yake. Lakini familia ya watu wanne na begi la chakula na kidumu cha maji wataizamisha hadi iwe nzito kugeuka. Kwa mzazi na watoto wawili wadogo inatosha. Kwa wanne wanaokua, Getaway.

Zina kasoro zake. Kilo 177 ni mzigo mkubwa wakati maji yako mbali. Plastiki haipendi gundi, kwa hiyo ikipasuka kweli, fundi wa boti za fiba hawezi kukusaidia. Inahitaji kuchomelewa kwa plastiki ya aina ileile na mtu anayejua joto lake. Na vipuri vyote hutoka nje. Kifaa kidogo cha usukani kikivunjika Julai, unaweza kukisubiri muda mrefu, kisha ukalipia na ushuru. Ukinunua, agiza papo hapo seti ya pini, vizibo, kamba za usukani na waya za mlingoti za akiba.

Ya plaiwudi: kwa anayependa kuunda

James Wharram alikuwa Mwingereza. Mwaka 1954 aliunda katamarani ndogo ya mbao iitwayo Tangaroa, isiyofika mita 8, na pamoja na wanawake wawili wa Kijerumani akavuka nayo Atlantiki. Wakati ule wajuzi wengi wa Ulaya walikuwa wakisema chombo cha miili miwili hakiwezi kuhimili bahari kuu. Baadaye akauza michoro ili watu wa kawaida wajiundie wenyewe. Kati ya michoro hiyo kuna Hitia, ya futi 14 na ya futi 17, kisha kuna Tiki ya futi 21. Hiyo Tiki 21 ni ndogo kuliko mashua nyingi za wavuvi wa Deep Sea hapa Tanga, lakini moja yake ilizunguka dunia nzima kati ya mwaka 1991 na 1997, ikiendeshwa na Rory McDougall.

Uzuri wa michoro hii kwa mtu wa Tanga ni kwamba boriti zake zimefungwa kwa kamba. Hakuna bolti kubwa ya kushika kutu. Kila mwili unacheza kidogo na wimbi, kamba inalegea, unaifunga upya. Mtu aliyezoea kufunga mirengu ya ngalawa ataelewa akiona tu. Na unaweza kukifungua chombo kizima, ukakihifadhi uani vipande vipande.

Ugumu uko sehemu tatu.

Wa kwanza ni plaiwudi yenyewe. Inatakiwa plaiwudi ya majini, yenye alama ya BS 1088, na dukani utaonyeshwa mbao nyingi zinazoitwa hivyo. Usiamini mhuri peke yake. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe sufuriani saa kadhaa, kiache kikauke juani, kichemshe tena. Kisha kishike kwa mikono miwili na ujaribu kukikunja. Tabaka zikianza kuachia pembeni, au ukaona povu la gundi limetoka, hiyo ni ya kutengenezea dari. Sufuria hiyo isirudi jikoni.

Wa pili ni epoksi. Katika joto la Tanga huganda haraka mno, na ukichanganya nyingi kwenye kopo refu hupata moto mkali hadi itoe moshi. Changanya kidogo kidogo, imimine kwenye chombo kipana, fanya kazi alfajiri. Kipimo cha dawa mbili kifuatwe kwa mizani. Kukadiria kwa jicho hapa ni kuharibu mbao na pesa.

Wa tatu ni fundi, na huu ndio unaowashangaza watu. Mafundi wa majahazi wa pwani hii wana ujuzi mkubwa sana. Huunda kwa jicho na mkono, bila mchoro, na vyombo vyao hubeba tani. Mazoea hayohayo huwasukuma kuongeza unene: ubao mzito hapa, taruma jingine pale, misumari zaidi kwa usalama. Jahazi hupata nguvu kwa uzito. Katamarani huharibika kwa uzito, kwa sababu miili yake ni membamba na inazama mapema. Ongeza kilo 80 za mbao na umeshachukua nafasi ya mama na mtoto. Kwa hiyo zungumza na fundi kabla ya kuanza, kwa heshima, mchoro ukiwa mezani, mkubaliane kwamba kipimo kilichoandikwa hakibadilishwi. Mafundi vijana wanaotengeneza makabati na milango, waliozoea kusoma vipimo vya milimita, mara nyingi hulipokea hili kirahisi zaidi. Waweke wafanye kazi pamoja na mzee anayejua bahari.

Usisahau wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Ngalawa na mashua hupakwa deheni na kuchomwa moto tumboni kwa ajili yao. Plaiwudi iliyofunikwa kitambaa cha fiba na epoksi inajikinga vizuri, lakini mkwaruzo mmoja ukifika kwenye mbao ni mlango. Chombo hiki kilale nchi kavu, na kila mkwaruzo uzibwe kabla ya kutoka tena.

Kikipinduka

Katamarani yoyote ndogo inaweza kupinduka. Anayekuambia haipinduki hajawahi kuiendesha siku ya kusi. Tena kuna jambo la kukumbuka: upana uleule unaoizuia isilale ndio unaoifanya ikae kichwa chini kwa ukaidi ikishageuka kabisa. Kwa hiyo muhimu ni kuiinua ingali imelala ubavu.

Utaratibu wake ni huu. Hesabu watu kwanza, kwa majina. Watoto washike mwili wa chini, karibu na omo, wasiingie chini ya wavu. Achia demani zote, kwa sababu tanga lililokazwa linashika maji na halitanyanyuka. Zungusha chombo kwa kuogelea na kukivuta omo hadi upepo uingie chini ya tanga. Pitisha kamba juu ya mwili wa juu, simama juu ya mwili wa chini, uegemee nyuma na kamba mikononi, magoti yamenyooka, makalio karibu na maji. Mlingoti utanyanyuka polepole, kisha kwa haraka. Hapo jihadhari na mwili unaoshuka, na mshike chombo kisiondoke peke yake.

Uzito wa miili yenu ndiyo injini. Hobie 16 inataka kilo 130 na zaidi zikiwa zimening'inia kwenye hiyo kamba, yaani watu wazima wawili. Mama peke yake na watoto hawezi, hata awe hodari. Getaway nayo inataka watu wazima wawili, ila mara nyingi huwa na boya kwenye ncha ya mlingoti linaloizuia isigeuke kichwa chini, na hilo linakupa muda. Wave inainuliwa na mtu mzima mmoja mwenye mwili, au wawili wepesi. Za plaiwudi zinatofautiana: Hitia ndogo inainuka kwa watu wawili, Tiki 21 haiinuki kwa nguvu za watu waliomo majini. Hiyo ya mwisho inataka uendeshaji wa kutopinduka kabisa: tanga lipunguzwe mapema, na safari iahirishwe.

Boya la mlingotini linafungwa hata kwenye Hobie 16. Linapunguza mwendo kidogo na halipendezi. Kwa familia ningelifunga bila kujadili.

Zoezi hili lifanywe kabla ya kulipa pesa. Mwombe muuzaji mkipindue kwa makusudi, mashua nyingine ikiwa karibu, ninyi wenyewe mkiwa na majaketi okozi, mkiinue. Fanyeni kwenye maji marefu: ghubani kwetu kina si kirefu kila mahali, na mlingoti ukichoma tope la chini hupinda. Muuzaji akikataa, endelea kutafuta kingine.

Maji, upepo na mwambao wetu

Bamvua la Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukiondoka maji yamejaa na kurudi yamepwa, utakuta tope na mwani mahali ulipoelea asubuhi. Hapo ndipo toroli la matairi manene linapokuwa na thamani kuliko tanga jipya. Kwenye mchanga mkavu watu wazima wawili wanasukuma Getaway kwa toroli. Kwenye tope, hata Wave ni shughuli. Mwenye ngalawa huiacha nangani akaja kuichukua maji yakijaa, na mwenye plaiwudi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa saa chache. Panga safari kwa jedwali la maji: toka yanapojaa, rudi kabla hayajashuka nusu.

Jambo jingine la nchi kavu, na naliandika kwa uzito: mlingoti wa Hobie 16 unazidi mita 8 na ni wa alumini. Usisukume chombo mlingoti ukiwa umesimama chini ya nyaya za umeme. Tembea njia nzima kutoka uani hadi majini ukitazama juu kabla ya siku ya kwanza.

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, na katikati kuna tangambili, upepo usio na msimamo. Kwa wanaoanza, Novemba ni mwezi mzuri, na asubuhi za kaskazi. Juni hadi Agosti kusi ni kali; muda huo Hobie 16 na matanga yake ya mita za mraba 20.3 si ya kujifunzia, wakati Wave na tanga lake dogo bado inaweza kucheza ndani ya ghuba. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Siku ya tahadhari hiyo watoto wabaki nyumbani, na wewe pia.

Jua pia upepo utakupeleka wapi kamba ikikatika. Kaskazi hukurudisha nchi kavu. Kusi, ukiwa upande wa mjini, hukuvusha ghuba kuelekea Chongoleani, ukipita njia ya meli. Umande wa alfajiri hukutoa nje. Meli na matishari haziwezi kukukwepa. Njia yao ivukwe haraka, moja kwa moja, au isivukwe.

Ukikagua iliyotumika

Hobie 16 nyingi utakazoziona ni za zamani, na jua limezila. Anza mbele ya mlingoti, juu ya kila mwili. Bonyeza kwa gumba, sentimita kwa sentimita, kisha gonga kwa sarafu. Mlio mkavu ni mzuri. Mlio mzito, na gumba likizama kidogo, maana yake tabaka za fiba zimeachana ndani. Sehemu ndogo inatibika kwa sindano ya epoksi. Ikiwa laini kuanzia boriti ya mbele hadi katikati, usilipe.

Kisha fungua kizibo cha nyuma, ingiza ncha ya mpira wa maji kwenye tundu lake, uzibe pengo kwa kitambaa, upulize kwa pumzi yako tu huku mwenzako akipaka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likivimba, hapo pana tundu. Pampu ya matairi isitumike, itapasua mwili. Vuta nyuzi za wavu kwa ukucha: zikikatika kama uzi wa buibui, wavu huo hautabeba mtu. Waya za mlingoti zenye uzi mmoja uliochomoza zibadilishwe zote. Tikisa mlingoti ukiwa chini. Ukisikia maji ndani, hautaelea siku ya kupinduka.

Kwa za plastiki, tazama chini ya miili palipolika kwa kuburutwa, na pembeni mwa mashimo ya boriti kama kuna nyufa.

Ningechagua nini

Wazazi wawili na watoto chini ya miaka 12: Getaway iliyotumika, hata kama itabidi kusubiri ipatikane. Mzazi mmoja ndiye anayejua bahari na watoto ni wadogo: Wave, na mwingine abaki ufukweni mkibadilishana. Vijana wakubwa wenye hamu ya mbio: Hobie 16 yenye boya la mlingotini. Familia yenye subira, uani pana, fundi wa kuaminika na anayependa kujifunza kuunda: Hitia 17. Tiki 21 iwe chombo cha pili, mkishajua bahari. Pesa ni kidogo kwa sasa: kodi ngalawa na nahodha mara mbili kwa mwezi, mtajifunza mengi kuliko mwenye katamarani iliyolala.

Yoyote mtakayochagua, fikeni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kuuliza usajili na ukaguzi wa chombo kidogo kabla ya kulipa. Jaketi okozi liwe la kipimo cha kila mtoto, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. La mtu mzima humvuka kichwani. Filimbi, kisu cha kukatia kamba, kasia mbili, nanga ndogo, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, maji ya kunywa zaidi ya mnavyodhani.

Kwa safari za mwanzo Kisiwa cha Toten kinatosha kabisa. Kiko ndani ya ghuba, mbele ya bandari, kina magofu ya misikiti na makaburi ya kale ya kuwaonyesha watoto, na ukichoka mji unauona. Yambe na Karange ni nje ya Ras Kazone, bahari wazi, na zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, kwa hiyo ulizeni kibali na ada mapema. Huko nendeni mkishaweza kuinua chombo chenu bila kufundishana, na siku ya kwanza mfuatane na ngalawa ya mtu anayeijua njia.